Ndege ya Shemeji

Shemeji amerudi Mhunze, Kishapu, kutoka Geita na pesa ya dhahabu, na Noah haitaki tena. Anataka ndege ya kujiundia mwenyewe, viti viwili, kilo 600 watu na mafuta ndani. Mkokoteni wa marehemu babake ulibeba pamba nzito kuliko hapo, tena bila leseni ya urubani. Mbona yule fundi wa Tunduma kaunda helikopta, anasema.

Injini kachagua Rotax 912, kwa kuwa inakunywa petroli ya magari. Kweli inakunywa, ila sidhani kama watengenezaji walimaanisha ile ya chupa za maji kando ya barabara. Fundi naye yupo: yule anayekurudishia pikipiki na bolti moja mkononi, akikuambia hiyo ilikuwa ya urembo.

Utatua wapi, shemeji? Kiwanja kipo Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, na pale huingii kama unakwenda gulioni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo itataka kukikagua chombo kabla hakijaacha ardhi.

"Hao wako Dar," akacheka. "Mimi nitaruka chini chini."

Chini chini, Kishapu, kwenye mibuyu.