Amina Yangu Huchelewa

Nilikosa firigisi kwa sababu ya utukufu wa Mungu.

Desemba iliyopita tulipanda Kibosho kwa wakwe, kama afanyavyo kila Mchaga mwenye nauli. Jogoo wa kienyeji alichinjwa, na kwa heshima ya mkwe firigisi ikalazwa juu kabisa ya sinia, upande wangu, inang'aa mchuzi. Baba mkwe akasema tusali. Tukainamisha vichwa, tukaanza Baba Yetu. Tulikwenda pamoja mpaka tulipofika kwenye maovu, na hapo wenyeji wote wakabamiza Amina kwa mpigo mmoja, kama geti la chuma. Mimi, macho nimeyafumba, nikaendelea peke yangu kwenye ufalme, nguvu na utukufu, kama mama yangu alivyonifundisha Machame. Nilipofumbua macho, firigisi ilikuwa shavuni mwa shemeji.

Siwezi kusema aliiba. Sala yake ilikuwa imekwisha.

Wataalamu wa dini watakwambia kwamba Wakatoliki na Waprotestanti walitengana kwa sababu ya imani na matendo, mamlaka ya Papa, na toharani. Mimi nimepima kwa saa ya mkononi. Tunatengana kwa sekunde saba.

Na hata kabla ya kufika kwenye sekunde hizo huwa tumeshakanyagana njiani. Wao wanaomba wasitiwe katika kishawishi, sisi tunaomba tusitiwe majaribuni. Sisi tunaomba kuokolewa, wao wanaomba kuopolewa. Kuopoa ni Kiswahili safi cha kutoa kitu kilichozama kisimani, sina ugomvi nacho. Shida ni kwamba vijana wa Dar es Salaam wameshalichukua neno hilo wakahamia nalo baa, na kule anayeopolewa hatolewi maovuni, anapelekwa.

Ndoa yetu ni ya mseto. Ndivyo wanavyoiita kanisani: ndoa ya mseto. Kwa mpishi, mseto ni mchele na choroko. Ukishaiva, hakuna wa kuvitenganisha. Sisi tumeiva mwaka wa 12 sasa, na karibu kila Jumapili asubuhi tunapakuliwa kwenye sahani mbili.

Watu wakisikia mimi ni Mlutheri wanadhani ukoo wetu ulikaa chini ukafikiri. Babu wa babu yangu hakuwahi kuzisoma zile hoja 95 za mwaka 1517, akazipima usiku kucha, alfajiri akaona zina mashiko. Alikuwa anaishi Machame, basi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakapiga kambi Machame. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshatangulia Kilema, wakaja mpaka Kibosho. Baina yetu ni makorongo. Ukizaliwa huku, unahesabiwa haki kwa imani; ukizaliwa kule, unavalishwa rozari. Mbuzi wa babu huyo angevuka upande wa pili siku moja, na babu akamfuata, leo firigisi ningekula mimi.

Wala tusimsingizie Luther kila kitu. Kibosho na Machame walikuwa wanapigana tangu enzi za Mangi Sina wa Kibosho, kabla mtu yeyote mlimani hajajua Roma iko upande gani wa Arusha. Wamisionari hawakutuletea ugomvi. Walitupa majina ya kuuitia.

Na majina tunayo. Kwetu ukisikia Elisaria, Elifuraha, Aikaeli, huyo ametoka usharikani, mwulize habari za kwaya. Ukisikia Remigius, Gaudensia, Deogratias, huyo ametoka parokiani. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa tulikaa vikao vitatu. Upande wangu walitaka jina lenye Eli ndani yake. Upande wao walitaka mtakatifu mwenye tarehe. Mtoto ana majina matatu, na kwenye cheti cha kuzaliwa yamebanana kama abiria wa Kimara, Dar es Salaam, saa 12 jioni.

Tarehe hiyo ndiyo inayonimaliza. Kila Mkatoliki ana somo wake mbinguni, somo ana sikukuu, na sikukuu ina keki. Nina mke mmoja na watoto watatu: sikukuu nne za somo kwa mwaka, mbali na siku za kuzaliwa. Mimi jina langu ni la Kichaga, halina mtakatifu. Mwaka mzima nanunua keki, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina langu.

Nirudi kwenye ndoa. Nilipokwenda kwa paroko nilimpelekea cheti changu cha ubatizo. Akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maji yalimwagwa, Utatu ulitajwa, hakuna haja ya kurudia. Nilitoka pale nikitamba kama mtu aliyefaulu mtihani, sikujua lilikuwa swali la kwanza tu, lile jepesi. Mwenzangu akatoa ahadi ya kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Mimi sikuahidi chochote. Mimi nilijulishwa. Ndivyo sheria ya Kanisa lao inavyotaka: huyo wa upande wa pili ajulishwe mapema. Mpangaji naye hujulishwa mapema kwamba kodi imepanda.

Kwetu nako hawakukaa kimya. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani, akanywa chai vikombe viwili, akamuuliza mama yangu kwa upole kama wasichana wa usharika mzima wamekwisha.

Siku hizi, Jumapili moja kwa mwezi nakwenda Misa na familia ili nyumba iwe na amani. Ukifika wakati wa Komunyo, benchi zima linasimama. Mimi nabaki. Watu wananivuka magoti kama mtaro. Maji yangu waliyakubali, kinywa bado. Siku moja mama mtu mzima alinitazama kwa huruma, akaona hapa pana dhambi nzito kweli, akaniwekea mkono begani. Nilitamani kumwambia, "Mama, shikamoo, hii si dhambi, ni Machame." Mwenzangu naye akija kwetu siku ya Meza ya Bwana hubaki kwenye benchi peke yake, akilinda mikoba ya wanawake wa Kilutheri. Anailinda vizuri. Haijawahi kupotea hata shilingi.

Lakini ni Misani huko huko nilikogundua jambo. Wakimaliza Baba Yetu, kumbe hawasemi Amina! Padri anaingiza maneno yake kidogo, halafu waumini wote wanaitikia kwa kishindo: ufalme, nguvu na utukufu. Yale yale yangu! Nusura nisimame. Miaka yote hii nilidhani hawanayo, kumbe wanayo, wameyahifadhi kanisani. Nyumbani wanayaacha ili wawahi kuku.

Nilimkabili baba mkwe kwa heshima zote. "Baba, mbona Misani mnayasema na hapa mezani hamyasemi?"

Akatafuna kwanza, akameza. "Kwani hapa padri yuko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hawa watu wana utaratibu wa miaka 2,000, huwezi kuwakamata kirahisi.

Sasa tuzungumze fedha, maana ndipo mgawanyiko ulipoanzia. Ukiacha maneno makubwa, kilichomkasirisha Luther mwaka 1517 kilikuwa mchango wa jengo. Mhubiri Johann Tetzel alizunguka Ujerumani akitoa vyeti vya rehema kwa fedha, ili likajengwe Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na sehemu nyingine ikalipe deni la askofu mkuu mmoja. Luther akasema hapana, Ulaya ikapasuka. Mimi ni mrithi wa mtu huyo. Na kwa jina la mtu huyo huyo nina bahasha ya ahadi, bahasha ya mavuno, na bahasha ya jengo, jengo ambalo nimelichangia tangu sijaota ndevu na bado halina dari. Ibada ikiisha kuna mnada: mayai, ndizi, miwa, kuku. Niliwahi kutoa kuku sadaka, nikainua mkono kumsalimia rafiki aliyekuwa nyuma, nikauziwa kuku wangu mwenyewe.

Nikitoka hapo nakuta upande wa pili umenisubiri: zaka, mchango wa jumuiya, mchango wa kigango kipya, harambee ya nyumba ya mapadri, kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Kitenge hicho hubadilishwa kila panapokuwa na jubilei, na Wakatoliki hawakosi jubilei. Makanisa haya mawili yamebishana karne nyingi juu ya toharani, lakini juu ya bahasha hayajawahi kupishana hata nukta.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Pako mahali ambapo Mlutheri na Mkatoliki ni ndugu wa damu: amri ya sita. Luther alipoondoka aliacha mengi, ila hesabu ya Amri Kumi alitoka nayo kama alivyoikuta. Ndiyo maana kwetu sote wawili, na kwa Kiswahili cha mtaani kwa jumla, ukisema fulani kavunja amri ya sita, watu wanashusha sauti na kusogeza viti. Waanglikana, Wasabato na Walokole wanahesabu vingine: kwao ya sita ni kuua, na hayo mambo yetu yako kwenye ya saba. Nilikuwa kwenye kikao kimoja cha usuluhishi, bwana mmoja wa dhehebu la hesabu hiyo akaapa mbele ya wakwe zake Wakatoliki kwamba tangu azaliwe hajavunja amri ya sita. Wakwe wakafurahi, mama mkwe akatoa kigelegele, kesi ikafungwa, soda zikaletwa. Ni mimi tu niliyejua kwamba bwana yule ameapa hajaua mtu.

Wakubwa wetu, kwa upande wao, walishapatana. Tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya lile lile lililowagombanisha, mtu kuhesabiwa haki. Mwaka 2016, tarehe hiyo hiyo, Papa Francis akasafiri mpaka Lund, Sweden, akasali na Walutheri. Nilimsimulia mama mkwe habari hiyo kwa furaha, nikidhani sasa nitaacha kuitwa "yule Mlutheri wetu". Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa ana huruma sana," akasema. "Hata wafungwa huwa anawatembelea."

Oktoba yenyewe nyumbani kwangu ni mwezi mgumu. Kwao ni mwezi wa Rozari, jumuiya inasali nyumba kwa nyumba. Kwetu mwezi unafungwa na sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, tarehe 31. Mwaka jana jumuiya iligawa ratiba, nyumba yangu ikaangukia tarehe 31. Nilikodi viti, nikanunua soda, nikakaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Salamu Maria ni 53, nilizihesabu, na kwenye Baba Yetu zote nilijikaza nisichelewe. Mwenyekiti wa jumuiya alinishukuru kwa ukarimu, kisha akaniuliza nitaingia lini mafundisho. Kesho yake mzee wa kanisa akanipigia simu kuuliza mbona jana hakuniona ibadani.

Basi nikaamua kutunga sheria ndani ya kaya yangu. Kwa wakwe nitavumilia, lakini hapa Kimara mkuu wa nyumba ni Mlutheri, na sala ya chakula itakwenda mpaka kwenye utukufu. Mwenzangu alikubali papo hapo. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Jumapili ile alipika kuku. Binti yetu wa mwisho, ana miaka sita, akaomba kuongoza sala. Alipofika kwenye maovu akatua. "Hapa Amina ya mama," akatangaza, na upande wa mama ukaitikia. Kisha akanigeukia. "Sasa ya baba."

Nikafumba macho. Ufalme, nguvu, utukufu. Nikamsikia mtoto yuko nami neno kwa neno, na chini chini, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujulikana, nikamsikia na mama yake. Koo likanibana. Nikasema moyoni, Augsburg si chochote, Lund si chochote, umoja wa Kanisa umeanzia hapa Kimara, juu ya meza yenye mguu mbovu. Nikaiachia Amina ndefu kuliko zote nilizowahi kusema.

Nilipofumbua macho, firigisi ilikuwa mkononi mwa mtoto, imebaki nusu. Alikuwa ameishika tangu Amina ya mama.

Nikafungua kinywa kugomba, nikakifunga. Amesali zote mbili, mpaka mwisho, bila kuruka neno. Mimi ni Mlutheri wa kizazi cha tano, na sikuwa na hoja hata moja.