Wakili Msomi wa Muhula wa Kwanza

Mshauri wa masomo aliikunjua karatasi yangu ya matokeo ya kidato cha nne, akaisoma kutoka juu hadi kwenye muhuri, kisha akauliza kwa upole kama hizo pointi 14 ni kati ya ngapi. Nikamwambia ni divisheni wani. Akauliza tena: kati ya ngapi? Ikabidi nimfundishe hesabu za Baraza la Mitihani la Tanzania pale pale, na foleni nyuma yangu imeshafika mlangoni. Kwetu pointi 7 ndiyo kilele, 17 ndiyo mwisho wa divisheni wani, na mwenye 34 au 35 amepata sifuri na hurudi nyumbani kwa kupitia uani.

"Kwa hiyo mwenye nyingi ndiye aliyefeli?"

"Ndiyo, mama."

Akaigeukia kompyuta, ambayo ilikuwa inasubiri aandike wastani usiozidi 4. Mwisho akaniambia niipeleke karatasi kwa kampuni inayothamini vyeti vya nje, nilipe, nisubiri, nao watatujulisha nilikuwa na akili kiasi gani mwaka 1998. Tukahamia kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mimi ni wa tarehe 4 Agosti, na fomu nilikuwa nimeijaza kwa mtindo wa kwetu, siku kwanza, mwezi baadaye. Wamarekani huanza na mwezi. Mfumo wa chuo ukawa umenizaa Aprili, miezi minne kabla ya mama yangu.

Hii ni Houston, Texas, katika chuo cha jamii ambacho sitakitaja jina kwa kuwa alama zangu bado ziko mikononi mwao. Vyuo vya aina hii Wamarekani wanavyo tangu mwaka 1901, cha kwanza kikiwa Joliet, Illinois, na sifa yao kubwa ni kwamba hawamfukuzi mtu mlangoni. Hakuna kuchaguliwa, hakuna kutafuta jina lako kwenye orodha ubaoni huku moyo unakwenda mbio. Mtu aliyebeba maboksi ghalani usiku kucha, kama mimi, anaweza kuingia asubuhi na viatu vyake vya kazini na akaitwa mwanafunzi. Unasoma miaka miwili, unahamia chuo kikuu kumalizia mingine miwili, ukiwa na bahati krediti zako zote zinavuka nawe.

Nilipomwambia mshauri kwamba nataka sheria, akasema sheria hawana.

Nilidhani hajanielewa. Nyumbani unatoka kidato cha sita unaingia sheria moja kwa moja. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Tulianza na wanasheria kabla hata ya kuwa na majengo! Hapa sheria inasomwa baada ya digrii ya kwanza, miaka mitatu zaidi. Nikauliza digrii ya kwanza inatakiwa iwe ya nini. Akasema: yoyote. Nikauliza tahasusi. Hakuna tahasusi. Muziki? Unaweza. Kilimo? Unaweza. Mimi niliyesomeshwa HGL, yaani historia, jiografia na lugha, niliyeambiwa nikiwa na miaka kumi na saba kwamba mtu wa sanaa akigusa bomba la maabara dunia itasimama, nilijihisi nimedhulumiwa ujana wangu.

Nikapiga hesabu: mbili, mbili na tatu. Saba. Nitavaa joho nikiwa nimepita hamsini.

Kosa la kutangaza mapema halikuwa langu. Mke wangu ndiye aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba nimeanza chuo, "nia ni sheria". Kabla jua halijazama Tanga nilikuwa tayari wakili msomi. Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti ya dakika nne. Binamu aliye Mombasa, ambako mawakili huitana wasomi hata wanapotukanana, akanikaribisha kwenye taaluma. Naye baba mdogo wa Muheza hakupoteza muda kwa pongezi. Alituma picha za nyaraka za shamba, nyingine zimepinduka, nyingine zina kidole chake, na maelezo kwamba jirani amesogeza mpaka akameza mstari mzima wa michungwa. Nianzie wapi, baraza la kata au baraza la ardhi la wilaya?

Nilimjibu kwamba muhula huu nina aljebra, Kiingereza cha uandishi, serikali ya Texas na baiolojia yenye maabara. Akaandika: "Sawa wakili msomi. Hayo ya baiolojia yatatusaidia kwenye michungwa."

Kwenye maabara nilipangwa na binti wa miaka kumi na sita. Texas inaruhusu wanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo wakiwa bado shuleni kwao, na hao ndio wanaotumaliza sisi watu wazima. Alikuwa na kalamu za rangi saba na mama anayemsubiri nje garini. Tulipoletewa chura wa kupasua, yeye akashika kisu, mimi nikashika kitabu. Mwanangu, ambaye nilimtumia picha kwa siri, aliipeleka kwenye kundi la ukoo. Ukimya ulikuwa mrefu. Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa heshima zote, kama huko Marekani kesi husikilizwa na vyura.

Somo la serikali nilidhani litakuwa la kusinzia, nikakuta ndilo linalonifukuza usingizi baada ya zamu. Humo nilikutana na Heman Sweatt. Alikuwa mpeleka barua hapa hapa Houston. Mwaka 1946 aliomba kusoma sheria Chuo Kikuu cha Texas, akakataliwa kwa kuwa ni mweusi. Akashtaki. Jimbo, badala ya kumfungulia mlango, likaona afadhali limtengenezee chuo kingine cha sheria pembeni. Akaendelea na kesi. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, na mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamuru aingie. Chuo kile cha pembeni kipo mpaka leo, sehemu ya Chuo Kikuu cha Texas Southern, na kimepewa jina la Marshall, yaani la wakili aliyesema hakitoshi. Mwaka 1960 Marshall huyo huyo alikuwa Lancaster House, London, akiwasaidia wajumbe wa Kenya katika mambo ya haki za raia kwenye katiba. Binamu wa Mombasa nilipomweleza alijibu kwamba wao walijua siku nyingi. Hawakujua.

Sweatt mwenyewe aliingia, akateswa na masomo, ugonjwa na chuki, akaondoka bila digrii ya sheria. Hilo kundini sikulisema.

Kuna mtihani wa kuingilia chuo cha sheria unaoitwa LSAT. Nilianza kuuchungulia mapema, na nikafurahi kusikia kwamba ile sehemu ya mafumbo, ya nani aketi karibu na nani kama hajaketi karibu na fulani, iliondolewa Agosti 2024. Alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180. Maana yake ni kwamba ukikosa kila kitu unapewa 120. Hili nalo nililieleza nyumbani, kwa ujinga wa furaha, na baba mdogo akatangaza msikitini kwamba nimeshajihakikishia mia na ishirini.

Mwanangu ana ushauri wake: nihamie California, ambako unaweza kusoma sheria ofisini kwa wakili bila kwenda chuo cha sheria, kama alivyofanya Kim Kardashian. Nikamwambia Kim alikuwa na walinzi wa kumfukuzia kelele wakati akisoma. Mimi nina yeye.

Basi ikaja kesi yangu ya kwanza. Niliegesha gari chuoni mahali ambapo kibao cha "wafanyakazi tu" kimemezwa na mti, nikarudi kutoka kwenye aljebra nikakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Mtu mwingine angelipa. Mimi nikaketi usiku nikaandika rufaa: mleta rufaa, mjibu rufaa, hoja ya kwanza, hoja ya pili, picha za mti kutoka pande zote, na aya moja kuhusu Sweatt ambayo mpaka leo naiona ilikuwa na uzito. Fomu ya mtandaoni ilikubali herufi 500 tu. Nikakata hoja zote nikabakiza mti na Sweatt.

Jibu lilikuja kwa barua pepe ya mstari mmoja na nusu. Rufaa haiwezi kusikilizwa kwa sababu faini imeshalipwa, na kulipa ni kukiri kosa.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anachambua mchele.

"Ingeongezeka Ijumaa," akasema. "Na hela nimetoa kwenye ile ya vitabu vyako."

Baba mdogo, ambaye alikuwa akiifuatilia kesi kuliko mimi, aliuliza usiku ule hukumu imekwendaje. Nilifikiri kidogo, nikamwandikia kwamba pande zote zimemalizana nje ya mahakama.

"Safi sana wakili msomi," akajibu. "Sasa huyu jirani naye nimwambie tunamalizana shilingi ngapi?"