Namna ya Kuvua Kilombero na Kurudi na Vidole Vyote

Amka mapema. Samaki wa Mto Kilombero hawamngoji mtu aliyelala Ifakara mpaka jua la utosi. Ukifika kando ya mto, waamkie wazee, kisha muombe mvuvi wa Kindamba akupakie kwenye mtumbwi wake. Humo ndani mwenye pondo ndiye mkubwa, hata kama ofisini kwako watu husimama ukiingia. Kaa chini, katikati, utulie. Mtumbwi wa gogo haumvumilii anayesimama kujipiga picha.

Wajue wenye nyumba. Kiboko dume aweza kupita tani moja na nusu, na cheo chako hakijui. Usiku hupanda nchi kavu kula majani, mchana hujilaza majini, na akishtuka hukimbilia penye kina. Ole wako akukute njiani! Mwache mwenyeji agonge ubavu wa mtumbwi ili viboko wajitokeze. Hesabu masikio, gawa kwa mbili, kisha pitieni mbali, kwenye maji ya kina kifupi. Mkono usiuning'inize nje. Mamba hatofautishi kidole na chambo.

Sasa samaki, na hapa naomba unisikilize sana. Chandarua kiache kitandani. Ukikitumbukiza mtoni umewafanyia mbu sherehe na umekomba hata samaki wachanga wa juzi. Perege jike hubeba mayai kinywani, na vifaranga wakitishwa hurudi humo humo kujificha. Ukimnasa mama mmoja umebeba kaya nzima. Tumia ndoano, au nyavu za macho makubwa. Sumu na baruti usivitaje hata kwa utani: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imevikataza, na maji unayoyatia sumu kuna mtoto anayachota huko chini.

Masika mto hufurika na kuvamia bonde lote, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Ndipo kambale huingia kwenye majani yaliyozama kutaga. Maji yakianza kupungua, usizibe kila mkondo kwa uzio. Acha njia warudi mtoni. Bonde hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2002, na swala waitwao sheshe wanalihitaji kama wavuvi wanavyolihitaji. Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo unapozaliwa Rufiji, kwa hiyo tunachokiharibu hapa humfikia mkulima na mvuvi wa delta, ambaye hata hatumfahamu.

Ukishapata kitoweo cha nyumbani, kunja mshipi. Kata leseni kabla hujashuka majini, na ukimwona mtu anamwaga sumu mtoni, mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.