Uwe Mhifadhi wa Majumba ya Kale Bila Kuchafua Mikono

Ndugu yangu, umechagua kazi nzuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sakafu za nyumba zake nyingi zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa hiyo kazi haiishi, na sifa zipo tele.

1. Anza na picha. Vaa kofia ngumu, simama kwenye mlango wa nakshi, weka kiganja juu ya mfaa kama unayempima mgonjwa homa.

2. Mafunzo. Yupo mzee atakayetaka ukae naye miaka, unanoa patasi tu. Mpe shikamoo yake, piga naye picha, kisha kimbilia warsha ya siku 3 yenye cheti na chakula cha mchana.

3. Ukaguzi. Boriti huanza kuozea kichwani, pale inapoingia ukutani, kwenye giza na unyevu. Mafundi washamba hupanda ngazi wakachoma hapo kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, wanaanza kusikitika. Wewe gonga katikati. Katikati hulia vizuri siku zote. Andika: "Hali inaridhisha."

4. Saruji. Hapa ndipo penye ulaji. Chokaa lazima ilowekwe, isubiriwe, ipigwe lipu kwa tabaka, na mwenye nyumba ana wageni mwezi ujao. Saruji inashika kesho. Ni kweli ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua, na ukiuziba unyevu utakosa pa kutokea, uhamie kwenye boriti. Lakini hayo ni mambo ya miaka, na wewe unalipwa Ijumaa. Mchwa nao watakuombea dua.

5. Ukikuta boriti imeoza, usikate kipande kibovu ukaunga kizima. Nani atakiona? Piga dari ya jipsamu.

6. Mwenye nyumba akilalamika chumba ni chembamba, usimweleze kwamba upana ule, kama mita 3 tu, ulipangwa na urefu wa boriti. Mbomolee ukuta. Hakikisha umeshalipwa.

Kwangu je? Paa lilipoanza kuvuja nilimwita yule mzee wa patasi. Huu mwezi wa pili yuko darini, na mfuko wangu wa saruji ameuweka nje kwenye mvua.