Kisigino Kwenye Mafuta, Vidole Kwenye Breki

Mpwa wangu aliazima gari wikendi nzima, akalirudisha limeoshwa. Hapo tu ningejua kuna jambo. Kumbe amelipitisha kwa fundi wake hapa Kitengela, wakabandika bati juu ya pedeli ya mafuta na kuisogeza karibu na breki. "Anko, sasa unakanyaga zote mbili kwa mguu mmoja," akaniambia, akingoja nishukuru.

Mantiki naielewa, msinifanye mshamba. Ukishusha gia kutoka ya nne hadi ya tatu, mwendo ukiwa uleule, injini sharti izunguke haraka zaidi. Ukiachia klachi kabla injini haijafika hapo, gari linashtuka, na magurudumu yanaweza kuteleza. Ndiyo maana dereva wa mashindano hubana breki kwa vidole, na klachi ikiwa chini, kisigino au ukingo wa mguu huohuo unagusa mafuta kidogo, injini ingurume, gia iingie bila kelele. Yote hayo kabla ya kona.

Kona ipi? Kutoka Kitengela hadi Isinya, hadi Kajiado mjini, barabara ya Namanga imelala kwenye tambarare kama kamba ya kuanikia nguo. Kinachokupunguza mwendo ni tuta, trela, na ng'ombe wasiojali uko gia gani. Nikimwambia hivyo ananitajia Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 kwa Volvo ya mtumba, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Sawa. Lakini Joginder hakuwa akienda kununua chakula cha kuku.

Isitoshe, mimi navaa gambuti. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa huku haukubali kiatu kingine. Na gambuti langu sasa linafunika breki na mafuta kwa pamoja, kwa hiyo kila tutani gari linapunguza mwendo huku likinguruma. Vijana wa bodaboda wanageuka kumtazama mzee mwenye haraka. Jirani ameuliza, kwa upole, kama nimerudia pombe.

Nikampelekea fundi gari, nikamwambia ang'oe bati lake. Akainama, akachungulia, akasonya.

"Mzee, kupandisha ilikuwa elfu mbili. Kushusha ni elfu tatu na mia tano."

"Kwa nini kushusha kuwe ghali?"

"Kupandisha nilikuwa nafanyia kijana."

Kijana mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, anatafuta kwenye simu bei ya usukani mdogo.