Mheshimiwa, Naomba Kumiliki Chui

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS),
Nairobi.

KUH: OMBI LA KIBALI CHA KUMILIKI CHUI MMOJA, KAUNTI YA NYERI

Mheshimiwa,

Naomba kibali cha kumiliki chui. Usihangaike kuniletea, waliopo wanatosha. Wanashinda kwenye mabonde ya mito huku Mukurweini na Othaya, katikati ya mibuni, na usiku hukagua mabanda ya mbuzi wa maziwa kwa bidii ambayo ingewafaa maafisa wa mifugo. Kulishwa wanalishwa tayari, na wakulima. Kilichobaki ni karatasi.

Sitaki kumfuga kimyamimya. Mwezi Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na malkia wa chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Naunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote. Serikali inayojua chungu wake mmoja mmoja hadi shimoni ni serikali makini, na bila shaka daftari la chui lipo mahali fulani, limehifadhiwa vizuri zaidi.

Wala sitakuwa wa kwanza kuishi na wanyama wakali kando ya Mlima Kenya. William Holden, mwigizaji wa Marekani, alifungua klabu yake Nanyuki mwaka 1959, na baadaye yeye na wenzake wakaanzisha ranchi ya wanyama palepale. Ranchi ya Solio wamekuwa wakilea vifaru tangu miaka ya 1970. Hifadhi ya Ol Pejeta, iliyowahi kuwa mali ya Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha, sasa inawatunza Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wenye walinzi usiku na mchana. Kisheria wanyamapori wa nchi hii kwa kawaida ni wa taifa, mwenye ranchi ni mlezi tu. Lakini nimetazama sana na nadhani nimelijua sharti lenyewe. Mnyama akiwa ndani ya maelfu ya ekari na mgeni analipa kwa dola, ana jina, ana daktari, ana siku ya kuzaliwa. Akivuka ua akaingia kwenye ekari moja na nusu ya viazi kule Kieni, anakuwa mwana wa msitu, baba hajulikani.

Hapo ndipo ninapotaka kusaidia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inamtia hatiani mtu anayezembea kuzuia hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Mbwa wangu akimng'ata mtoto wa jirani, chifu ananiita kabla chai haijapoa. Huko Uingereza, ambako mwaka 1969 ungeweza kununua mwanasimba dukani Harrods (mmoja wao, Christian, aliletwa kwetu Kora kwa George Adamson, mlezi wa simba), walitunga sheria mwaka 1976: anayetaka kufuga mnyama hatari apate leseni ya baraza lake, akaguliwe na daktari wa mifugo, na akate bima ya kulipa madhara. Mengine mengi tuliyachukua kwao. Hata Jim Corbett, aliyemuua chui mla watu wa Rudraprayag, India, mwaka 1926, alihamia hapa na amezikwa mjini Nyeri, makaburi yale yale ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mwindaji tunaye, mheshimiwa, ila hapokei simu.

Nimeisoma pia Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Fidia ya kifo ni shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, na mifugo hulipwa kwa bei ya soko, mradi fomu ifike kwa kamati ya kaunti. Ni sheria nzuri. Ina hata kipengele cha kumnyima fidia mkulima ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake, au ambaye matumizi yake ya shamba hayaafikiani na mpango wa ikolojia. Kwa hiyo mjane mwenye mbuzi wawili aajiri askari wa doria, na kahawa iliyopandwa na babake ijieleze inafanya nini pale. Waliopita mitihani yote hiyo wapo kwenye foleni ya malipo. Ua wa umeme wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, umewasaidia sana watu dhidi ya ndovu. Chui, kwa bahati mbaya, anajua kupanda miti.

Mimi nikipewa kibali nitakubali kila sharti: bima, kizimba, ukaguzi. Chui wangu akila mbuzi wa jirani nitalipa kabla ya jua kutua, na si kwa sababu ya wema. Jirani anajua ninapolala.

Ukiona ombi hili halifai kwa kuwa chui tayari ana mwenyewe, na mwenyewe ni serikali, sitakata rufaa. Niandikie hivyo tu, kwa barua yenye muhuri. Nitatoa nakala za kutosha nizigawe kwenye baraza la chifu, kwa sababu wako watu Mukurweini ambao wamekuwa wakimtafuta mwenye chui kwa miaka mingi na wana risiti za mbuzi mkononi.

Naambatisha nakala ya kitambulisho na picha yangu ya paspoti. Ya chui itafuata. Mpiga picha wa Karatina ameomba kwanza kujua nani atamlipia hospitali.

Wako mtiifu,
Mwombaji, Nyeri.