Silabi za Chepilat

Jumatatu
Kifurushi cha vitabu vya darasa hakikuonekana. Karani wa mizigo alitafuta jina la mahali petu, Chepilat, mtumaji aliandika Chebilat. Katika Kipsigis p na b hazibadilishi maana, na p ikikaa kati ya irabu husikika kama b. Ndiyo maana tahajia zote mbili hutumika. Nilimweleza karani. Alisikiliza vizuri, kisha akafunga dirisha kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imefika.

Jumanne
Kibao kipya cha mama muuza mahindi, kando ya barabara ya Sotik kwenda Kisii. Nafasi ilimwishia mchoraji, akaandika MAHIN juu, DI chini. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na nd haitenganishwi: ma-hi-ndi. Watoto hujifunza kusoma kwenye vibao kabla ya vitabu, kwa hiyo nilimwomba aishushe N. Rangi ilikuwa imekauka.

Jumatano
Imla: “Barabara ile imejengwa barabara.” Njia hubeba shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Ile ya “sawasawa” huirudisha nyuma, ba-RA-ba-ra. Nilipofika hapo mvua ya mawe ilianza kupiga mabati. Karibu darasa zima liliandika neno hilo mara moja tu, na sikuona haki ya kumkata mtu alama. Kiitaliano kina jozi ya namna hiyo: ancora, shadda ikiwa mwanzoni ni nanga, ikiwa katikati ni bado. Maandishi hayaonyeshi tofauti. Sikio ndilo huamua, nalo linahitaji utulivu.

Alhamisi
Binti wa mchumaji chai alilivunja jina la kazi ya mamake ubaoni: m-, chum-, -aji. Kutoka mzizi huohuo akaunda mchumo, uchumaji, kisha akauliza kama uchumi nao umo. Umo. Chaki iliisha kabla hajaliandika.

Ijumaa
Niliagiza wachore mbuni. Mvulana ambaye kwao wanalima kahawa alichora mti wenye matunda mekundu; wengine wote, ndege mwenye shingo ndefu. Ndege ni mbu-ni. Mti ni m-bu-ni, m ikisimama peke yake kama silabi, na wingi wake ni mibuni. Nimempa alama zote na kuandika pembeni: silabi tatu.